Kompyuta ya Baba Neema

Mkanda wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ulikatika Jumanne asubuhi, na ndiyo maana saa nne Ombeni alikuwa Tarime mjini, ameshika kipande cha mpira mkononi. Muuza vipuri alimwambia asubiri nusu saa, mkanda wa saizi ile unaletwa kutoka stoo. Kukaa kwenye benchi la dukani hakupenda, kwa sababu wanaokaa pale huulizana habari za nyumbani. Akaondoka, akawa anatembea polepole kandokando ya maduka, upande wa kivuli.

Mbele ya duka moja linalopiga picha za pasipoti na kuchapisha barua alisimama ghafla. Nyuma ya kioo kulikuwa na kompyuta imewashwa, na ndani yake lori lenye tela lilikuwa linapanda mlima. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, kona imejikunja kama mkono wa mtu aliyelala. Ombeni aliujua mlima ule. Aliijua hata kona yenyewe.

Dada mmoja aliyevaa hijabu ya kijivu alitoka ndani. "Shikamoo baba. Karibu."

"Marahaba. Anayeendesha hilo lori ni nani?"

"Hakuna mtu, baba. Linajiendesha lenyewe, ni la kuonyesha wateja. Ni gemu. Kuna vijana wa Dar wamechora barabara za hapa nchini wakaziweka humo. Hapo nadhani ni huko Iringa."

"Ni Kitonga," alisema Ombeni. "Na gia aliyoweka siyo. Ataunguza klachi."

Dada yule akacheka. Jina lake Samira, binti wa mzee Abdillah mwenye duka, ambaye baba yake alifika Tarime kutoka Tanga na cherehani moja. Akavuta kiti, akabonyeza vitu fulani, akamsogezea Ombeni usukani mdogo wa plastiki na pedeli mbili chini. "Basi panda wewe, baba. Mimi sijawahi kuumaliza bila kuishia mtaroni."

Ombeni alikuwa Mpare wa Same, mwenye miaka arobaini na tisa. Kumi na minane kati ya hiyo aliimaliza barabarani: Dar hadi Tunduma, Dar hadi Lubumbashi, na mwisho mwisho Dar hadi Mwanza. Alifika Tarime na shehena ya saruji, wiki ileile ambayo rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia machimbo mapya, ilikuwa imelipuka bondeni nyuma ya kijiji cha Nyarero. Bosi wake akampigia simu kwamba lori limeuzwa, amkabidhi mnunuzi hapohapo. Ombeni akakabidhi ufunguo, akabaki na begi lake la nguo. Akaingia kwenye duara moja, shimo la kuchimba dhahabu, pamoja na Machage, Mkurya ambaye shamba la baba yake ndilo lilikuwa limegeuka mashimo. Mwaka wa kwanza duara lilitema dhahabu, wakagawana vizuri. Mwaka wa pili kipande cha jiwe kiliruka kikampata Ombeni jicho la kushoto, na madaktari wa Mwanza hawakuweza kuliokoa. Aliporudi, Machage alikuwa amefukia shimo na kupanda mahindi. Kuhusu leseni ya magari makubwa aliambiwa kwa upole kabisa kwamba asahau. Tangu hapo akawa mtu wa injini ya karasha, kwa sababu dizeli aliifahamu hata bila macho.

Sasa alikaa kwenye kiti cha Samira, akaweka mguu kwenye pedeli. Lori likashtuka. Likapanda. Mikono yake ilijua kazi kabla hajaifikiria: hapa punguza, hapa ngoja yule wa juu apite, hapa usiguse breki hata ukiogopa. Kona ya mwisho ikapita. Mbingu ikafunguka. Akaendelea mpaka Ilula, akawasha indiketa, akaegesha pembeni ya barabara, akazima.

"Mashallah," alisema Samira.

Ombeni alitoa leso. Lile jicho lililokufa lilikuwa na kawaida ya kutoa machozi, lakini siku ile macho yote mawili yalitoa. "Vumbi la kule machimbo," alisema. Akaaga, akarudi kuchukua mkanda wake, akapanda bodaboda kurudi Nyarero.

Alikaa wiki mbili akijizuia. Alikuwa amepanga chumba kwa bibi mmoja mjane wa Kikurya, Wegesa, ukingoni mwa Nyarero. Kitanda, jiko la mkaa, dirisha linalotazama zizi la ng'ombe. Jumapili alimpigia mkewe Agustina, Same.

"Hamjambo?"

"Hatujambo. Wewe?"

"Nipo."

"Haya. Neema anakusalimia."

Neema alikuwa binti yao, yuko chuo Dodoma, na salamu zake Ombeni alijua kwamba Agustina huzitunga. Baada ya hapo kila mmoja husikiliza ukimya wa mwenzake mpaka salio likaribie kwisha. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wamezoea tu, kama mtu anavyozoea kulala upande mmoja wa kitanda.

Wiki ya tatu akarudi mjini. Kwanza aliingia duka jingine karibu na stendi, kwa sababu hakutaka Samira amwone ana haraka. Kule alionyeshwa kompyuta inayowaka taa nyekundu, kijani na zambarau, feni zinazunguka kama sherehe. Muuzaji alisifu taa. Ombeni akamwomba afungue mfuniko aone ndani, kama ambavyo angeomba kufunguliwa boneti. Muuzaji akasema ukifungua waranti inakufa. Ombeni akashukuru, akatoka, akaenda kwa Samira.

"Ile uliyoendesha ni yangu, siiuzi," Samira alimwambia. "Lakini naweza kukuagizia. Unataka ya kuchezea mwaka mmoja, baba, au ya kukaa?"

"Ya kukaa. Mimi sina duara jingine."

Samira akamtazama, kisha akazima mashine yake, akachukua bisibisi, akaifungua ubavu. Hakuharakisha. Alimwonyesha kadi ya picha, bamba nene lenye feni zake. "Hii ndiyo inayochora barabara. Hii ikiwa dhaifu, mlima utakuja vipandevipande."

"Hiyo ndiyo injini."

"Sawa, injini. Na hiki kiboksi cha chini ndicho kinachogawa umeme. Watu wanakiona cha kawaida, wenye kuuza kwa bei ya kutupa hapa ndipo wanapoiba. Kikifa, kinaua na wenzake."

"Pampu ya dizeli," alisema Ombeni. "Najua. Ukiweka ya bandia unalala porini."

"Haya. Na hapa, unaona hizi nafasi mbili tupu? Ni za kuongeza memori baadaye. Usikubali mashine ambayo nafasi zake zote zimejaa au zimegandishwa. Leo unachukua ya kiasi, miaka mitatu mbele gemu zikiwa nzito unaongeza kidogo, unaendelea."

"Ekseli ya ziada."

Samira alicheka hadi akaweka bisibisi chini. Akamwambia pia asitafute ya mwaka huu. Ya miaka miwili nyuma, iliyounganishwa kamili huko ilikotoka, imeshapungua bei na bado ina nguvu, na yeye hachezi vita wala nini, anaendesha lori. "Taa za rangi usilipie. Lipia stabilaiza, umeme wa huku unaujua. Na kila baada ya miezi mitatu niletee niipulize, lile vumbi lenu ni sumu. Ukifanya hivyo itakaa miaka mitano, sita, hata saba."

"Saba," alirudia Ombeni. Miaka saba mbele hakuwa ameifikiria kwa muda mrefu.

Alitoa akiba iliyobaki tangu duara lilipotema. Kompyuta ilikuja siku tisa baadaye na gari la mizigo kutoka Mwanza, pamoja na kioo chake na usukani kama ule wa dukani. Samira aliiwasha mbele yake, akaiacha saa mbili inaendesha lori ili waone kama itapata joto. Haikupata. Ndipo akamfungia. Magige wa bodaboda alipendekeza wafunge boksi nyuma kwa mpira, Ombeni akakataa, akalipakata tumboni mpaka Nyarero, kioo kikiwa mgongoni kwenye shuka kama mtoto.

Wegesa alikuwa uani anapepeta ulezi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Neema. Umenunua friji?"

"Kompyuta, mama. Ya gemu."

"Ya nini?"

"Ya kuendesha lori. Ndani ya kioo."

Bibi aliacha kupepeta. "Umetoa ngapi?"

"Kama ng'ombe wawili."

"Wazuri?"

"Wazuri."

Wegesa alitazama boksi, akatazama zizi lake, akarudisha macho kwenye boksi. "Mura we, kijana," alisema taratibu, "na hiyo inazaa?"

"Haizai, mama."

"Haya," alisema bibi, na akaendelea kupepeta kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali.

Mwezi wa kwanza chumba hakikukaa kitupu. Kazi ikiisha jioni, watu wa karasha walikuja moja kwa moja na vumbi lao: Wasukuma, Waha, wengine kutoka Singida, na Mogesi, kijana wa Itiryo aliyekuwa anamwagia mawe kwenye mashine, ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote. Walipokezana usukani. Mogesi kila siku aliangusha lori mtoni, na kila siku alisema mto ndio uliohama. Msukuma mmoja aliomba apelekwe Shinyanga tu, apaone, na walipofika akasema hapa si penyewe, duka la mama yake halipo. Ombeni aliwakorogea chai sufuria nzima. Alikuwa anacheka, na alipojisikia anacheka alishangaa kidogo sauti ile inatoka wapi.

Ndipo habari zikaja kwamba dhahabu imeonekana upande wa Serengeti, vijiji vya kuelekea Mugumu. Mara ya kwanza ni mtu mmoja aliyesema, kesho yake watano, na siku ya tatu mabati ya vibanda yalianza kung'olewa. Nani angebaki bondeni ambako mawe yameshachoka? Wauza maharage walikwenda, wauza betri walikwenda, mashine ya kuchaji simu ikapakiwa kwenye fuso. Mwenye karasha naye akaja na winchi, akaipakia mashine.

"Twende, mzee," alisema Mogesi, begi begani. "Kule wewe ni fundi, watakulilia."

"Mwaka huu karasha, mwakani shimo jingine. Jicho nimebakiwa nalo moja, Mogesi."

"Sasa hapa utakaa na nani?"

Ombeni akampa soda. Mogesi alikunywa amesimama, akampa mkono, akapanda fuso. Aliahidi kupiga simu. Alipiga mara moja, mtandao ukawa unakatakata, wakaishia kuulizana kama wanasikika.

Bonde likawa kimya. Mashimo yalijaa maji ya mvua na vyura. Ombeni alipata kazi za kutengeneza injini za mashine za unga, leo Nyarero, kesho Itiryo, siku nyingine hakuna. Akirudi mchana alinawa, akatoa kitambaa alichofunikia mashine, akawasha. Alikuwa dereva mzuri humo ndani. Hakupita mwendo uliowekwa. Alisimama Chalinze kama alivyokuwa akisimama zamani, akahesabu dakika za kula chakula ambacho hakikuwepo, kisha akaondoka. Magari mengine yalipita lakini hayakuwa na madereva. Ukimwashia mtu taa ya kumsalimia, harudishi. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulizoea kuliko mengine yote. Barabarani watu husalimiana kwa taa hata kama hawatakutana tena.

Kwenda Same aliahirisha miezi minne. Alifika Segera mara nyingi, na pale barabara inapogawanyika alishika ya Tanga. Siku moja ya Jumapili, saa nane mchana, akashika ya Moshi. Korogwe, Mombo, mkonge pande zote, Hedaru, Makanya. Milima ya kwao ikaanza kuinuka upande wa kulia, na waliochora walikuwa wameichora vizuri, hata ule ukungu wa juu. Akaingia Same, akaegesha stendi.

Palikuwa na kibao, mabanda matatu, na basi moja limesimama. Barabara ya kupanda milimani haikuwepo. Pale ambapo ingeanzia kulikuwa na majani tu, na lori lilipoyasogelea liligonga kitu kisichoonekana, likarudi nyuma.

Alimpigia Agustina lori likiwa linanguruma.

"Mama Neema. Pale stendi sasa hivi kuna nini?"

"Stendi gani?"

"Hapo Same. Ukitokea Dar, mkono wa kulia."

Agustina alishangaa, lakini akajibu. Alisema mbele pamewekwa lami. Alisema ule mti wa wauza ndizi ulikatwa, wauza ndizi wamehamishiwa nyuma, mama yule mnene alifariki mwaka juzi, binti yake ndiye amekalia meza. Ombeni akauliza hili na lile, hoteli ya Mmasai, gereji ya chini, na mkewe akajibu lote, na mara mbili alicheka. Walikuwa hawajaongea hivyo kwa miaka. Ombeni akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Nikirudi? Nikija moja kwa moja?"

Ombeni alisikia kuku upande wa pili wa simu.

"Ombeni," alisema Agustina, na hakuwa amemwita kwa jina tangu wapate mtoto. "Ile sebule na chumba cha mbele nimempangisha mwalimu tangu Januari. Mimi na dada yangu tuko huku nyuma. Ada ya Neema ingetoka wapi? Nilitaka kukwambia. Kila nikitaka, naona utasema nipo, halafu simu inakatika."

"Umefanya vizuri."

"Si kwamba nakufukuza."

"Najua."

"Njoo, kama unakuja. Ila uniambie mapema. Nijue nakuweka wapi."

"Haya, mama. Salimia."

Aliikata yeye mwenyewe, salio likiwa bado lipo. Alikaa akitazama stendi ya kwenye kioo. Hakumkasirikia Agustina. Miaka yote ile alikuwa akituma fedha duara likitema na kunyamaza likikauka, na mwanamke alikuwa amepanga maisha yake kwa nafasi aliyoachiwa. Ndivyo mtu yeyote angefanya. Bado mguu wake ulikuwa kwenye breki, amekanyaga kwa nguvu, na alichelewa kuona kwamba unamuuma.

Siku zilizofuata hakuiwasha. Wegesa aliona kitambaa hakijatolewa, maana dirisha lilikuwa linatazama zizini kwake na hakuna kilichomponyoka. Siku ya nne, baada ya kula, alikuja amevaa gauni lake la kanisani na mkoba mweusi mkononi, akasimama mlangoni.

"Hiyo ng'ombe yako imekufa?"

"Nzima, mama. Samira anasema ina miaka mingi mbele."

"Basi nipeleke."

"Wapi, mama?"

"Kwenu. Nikaone ulikotoka. Mimi nimefika Musoma tu, na mara moja Kisii kumzika dada."

Ombeni alitaka kumwambia kwamba hakuna kitu cha kuona. Lakini bibi alikuwa ameshavuta kigoda, akakaa upande wake wa kushoto, pale ambapo kwenye lori kuna kiti cha abiria, mkoba mapajani. Upande ule Ombeni hakuwa na jicho. Ili amwone ilibidi ageuze kichwa chote, na dereva hageuzi kichwa. Akaiwasha. Safari ya kwenye kioo ikaanzia Chalinze.

"Polepole," alisema Wegesa lori lilipochomoka.

"Hii ni arobaini, mama."

"Polepole hivyohivyo."

Aliuliza kila kitu. Ule mto unaitwaje? Yale majani yenye miiba ni ya ng'ombe? Ombeni akamweleza Wami, akamweleza mkonge, akamweleza mahali alipopasukiwa tairi mwaka ule wa mvua kubwa na jinsi utingo wake alivyomkimbia kwa kuogopa simba ambaye alikuwa punda. Wegesa akacheka kwa pua. Kisha akasogea mbele kukitazama kioo vizuri.

"Baba Neema. Watu wako wapi?"

"Hawakuwekwa, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bibi akafikiri. "Kama hapa bondeni," alisema.

Walipita Korogwe. Maswali yakaanza kuchelewa, kisha yakaisha, na Ombeni akasikia kutoka upande wake wa giza pumzi nzito ya mtu mzee aliyelala ameketi. Akapunguza sauti ya injini. Kwenye matuta alipita kwa gia ya pili ingawa kigoda hakikuwa kinatikisika. Mombo ikabaki nyuma, Hedaru ikapita. Milima ikatokea. Alikuwa anafikiria atamwonyesha nini pale stendi, kama amwambie barabara ya kwao ni hii hapa, imefunikwa tu na majani, umeme ulipokatika. Kioo kikawa cheusi. Feni zikazunguka kidogo, zikasimama.

Wegesa alishtuka, akaushika mkoba. "Tumefika?"

"Bado kidogo, mama. Umeme umekatika. Tuko Makanya."

"Makanya," alirudia bibi, akijaribu neno mdomoni. Akasimama, akajinyoosha mgongo, akakung'uta gauni. "Basi tulale hapo. Ng'ombe wangu hawajanywa maji. Kesho nitakuja mapema, tumalizie."

"Karibu, mama."

Alitoka. Ombeni alimsikia akivua viatu vya kanisani mlangoni kwake, kisha akiwaita ng'ombe kwa Kikurya, kila mmoja kwa jina. Akachomoa stabilaiza ukutani, akafunika mashine kwa kitambaa, akazichukua ndoo mbili zilizokuwa uani, akamfuata bibi kisimani.